Kiwango cha Chini

Hesabu ilisema sifuri.
Zege peke yake linabeba mkato wote, na chenji inabaki.
Nikapiga mstari chini ya jibu,
kisha nikafungua kanuni, nikaandika hata hivyo:
ringi, milimita nane, kila sentimita ishirini.

Concepción, saa moja asubuhi. Ukungu wa mto Biobío
umelala juu ya mbao kama paka asiyefukuzika.
Don Baudilio Ancamil anakunja chuma,
waya mdomoni, plaizi kiganjani,
anahesabu kwa lugha ya mama yake.

Mwenye jengo amekuja na viatu vya mjini.
"Za nini hizi? Si ulisema hazibebi kitu?"

Nilisema.

Nikamsimulia maabara ya chuo, mwaka wa tatu:
boriti mbili pacha, nondo za chini zile zile,
moja imevishwa ringi, moja uchi.
Ile uchi ilinyamaza.
Tani kumi, kimya. Kumi na moja, kimya.
Halafu ufa mmoja, mshazari,
kutoka kwenye egemeo mpaka chini ya jeki,
na mlio wa bati lililopigwa jiwe,
na kikombe cha Fresia kikavunjika sakafuni
kabla hajageuza shingo.

Ufa wa kuziba naufahamu.
Huu huzaliwa mtu mzima.

Pacha wake alilalamika.
Alipinda, akagugumia, akatoa nyufa nyembamba kama unywele,
tukazifuata kwa penseli,
tukaandika mzigo kando ya kila moja
kama mama anavyopima urefu wa mtoto mlangoni.
Mwalimu akasema, rudini nyuma.
Tukarudi. Muda ulikuwepo.

"Na hapa, bwana, ardhi hutikisika bila kusoma hesabu zangu.
Nakuagizia kelele kidogo kabla ya anguko,
kiasi cha mtu kuteremka ngazi akiwa na mtoto begani."

Akatazama saa. Akasema bei ya chuma imepanda.
Akasema sawa.

Saa sita lori la zege linageuka kona.
Napita na tochi kwa mara ya mwisho:
ringi ya kumi na saba, kulabu imekunjwa nyuzi tisini tu,
inatakiwa mia na thelathini na tano.
"Nani ataiona?" anauliza Baudilio,
huku mkono umeshashika plaizi,
na mvua imeanza,
na dereva wa lori anapiga honi.