Kilomita Elfu Moja za Kwanza

Harufu ilitangulia: kama kwato zilizoungua,
kama sufuria iliyosahauliwa na mtu aliyeitwa nje.
Injini ikanguruma, Lada haikusogea,
pale kwenye mwinuko wa Gyumri, basi likinipigia honi kisogoni,
nikajua klachi imekwisha.

Siranush hakuniambia, "Mwite kaka yangu."
Alisema tu, akimenya viazi,
"Hmayak ana jeki mbili."

Miaka mitatu hatujasalimiana, mimi na shemeji,
kwa ajili ya nyumba ya mama yao, na bustani,
na maneno niliyoyatamka mbele ya watoto wake.
Lakini kidole kimoja hakivunji chawa,
na mgongo mmoja haupandishi giaboksi.

Alikuja Jumamosi, mvuke kinywani, sanduku la spana begani.
Hakuvua kofia. Akatambaa chini ya gari
kama mtu anayeingia kwake.

Tuliongea kwa namba.
"Kumi na tatu." Nikampa kumi na tatu.
"Kumi na saba."
"Taa."
Propela ikashuka, ikalala juu ya magazeti ya zamani.
Stata ikafuata, ikanibana kidole gumba;
nikamsikia akivuta pumzi, pole imemfika mdomoni,
kisha akasema,
"Kumi na tisa."

Giaboksi ilipoachia tuliikumbatia wote wawili,
nzito, inatoka jasho la mafuta,
kama watu wanaomteremsha mlevi ngazini.

Pleti ya zamani ilikuwa imelika hadi kwenye riveti.
Hmayak akaigeuza mbele ya taa.
"Unaegemeza mguu," akasema.
"Unaendesha huku umeugusisha kwenye pedali.
Hushiki, huachii."
Hakuna alichosema kirefu kuliko hicho siku ile,
nami sikujibu.

Kuweka mpya si kazi. Kazi ni kuiweka katikati.
Ikipotoka unene wa ukucha tu
shafti haitaingia, utasukuma mpaka kesho.
Kifaa chenyewe hatuna.
Akatoa mfukoni kijiti alichokichonga usiku
kutokana na mpini wa sepetu:
ncha nyembamba ya kuingia kwenye beringi ya ndani,
kiuno kimezungushiwa utepe wa umeme, mara tano.
Akakijaribu. Kikacheza.
"Sita," akasema, akaongeza mzunguko mmoja.
Niliujua mpini ule. Ulikuwa na doa la moto
tangu mama yao alipochokolea makaa ya tanuri la mkate.
Nikashika taa vizuri zaidi.

Bolti sita, kwa msalaba, kidogo kidogo:
hii, kisha ile ya upande wa pili,
kamwe si hii na jirani yake.
Kijiti kikachomoka laini, bila ubishi.

Halafu kupandisha.
Yeye chali, giaboksi kifuani,
mimi nyuma nazungusha flanji taratibu.
"Juu kidogo."
"Kushoto. Umepitiliza."
Jino likitafuta pengo lake gizani.
Mara ya nne. Mara ya saba.
Tusi la Kirusi, kisha la Kiarmenia,
kisha kimya.
Kisha: klak.
Si sauti kubwa. Kama jirani anapofunga mlango.

Nilipokanyaga, pedali ilishuka kama mguu kwenye theluji mpya,
ikarudi. Gia ya kwanza.
Lada ikasogea nusu mita, ikasimama mbele ya goti lake.
Hakurudi nyuma.

Alifuta mikono kwa petroli, akazihesabu spana zake zote.
Chai ya dada yake aliinywa amesimama.
Mlangoni akageuka, si kwangu, kwa gari:
"Kilomita elfu moja za kwanza usiiburute.
Usivute tela. Usipande Ashotsk na mzigo.
Vyuma vipya hivyo, havijajuana."

Nikabaki na harufu ya grisi na glasi yake.
Nikaingia garini, nikatazama mita: 61,308.
Nikaiandika ukutani kwa chaki,
kubwa, ili hata mtu aliyesimama mlangoni aisome.