Robo Uniti

Kopo la maziwa ya unga, lile kubwa,
ndimo nnamotia risiti za umeme tangu mita ibadilishwe.
Tarakimu ishirini kila moja, wino unafifia
kama hina ya bi harusi wiki ya tatu.
Uniti za mwanzo wa mwezi ni za bei ya maskini;
ukivuka mstari, unahesabiwa tajiri.
Mie mstari nnauvuka tarehe kumi na moja.
Utajiri wangu ni friji la barafu za ukwaju
na cherehani niliyoitia mota.

Mwanangu Maulidi kaleta paneli mbili kwa meli,
kazilaza baina ya magodoro kama wagonjwa.
Bandarini Mkoani wakamwambia: paneli zimesamehewa ushuru.
Betri je? Betri haikutajwa.
"Yaani mchana nasamehewa," akauliza, "usiku nalipa?"
Karani akacheka, akagonga muhuri.
Pesa ya betri ilitoka kwenye hisa, wanawake kumi na tisa wa Konde,
elfu mbili mbili kila Jumatatu,
na Bikombo, mshika ufunguo, akanitazama:
"Mize, ikiungua hiyo tutakuja kuota moto."

Msimu wa karafuu, jua lina wagombea.
Uani majamvi, juu ya bati paneli,
mie katikati na fagio,
jicho kwenye wingu la upande wa Tumbe.
Lakini ikigonga saa sita, wallahi, paneli zinashiba.
Betri imejaa. Friji linanguruma kwa raha. Cherehani inakwenda.
Na bado umeme unabaki huko juu, hauna pa kwenda,
mgeni aliyefika watu wamekwisha nawa mikono.

Nikafunga safari hadi Wete, ofisi ya Shirika.
Bwana Khelef, shati la mikono mirefu, feni mbili.
Nikasema: nna ziada. Ichukueni, mnipunguzie kwenye risiti.
Akafungua jalada, akalifunga. Akafungua jengine.
"Bi Mize, mita yako inajua kuhesabu upande mmoja tu."
"Basi ifundisheni."
"Kanuni ipo kwenye rasimu."
"Na rasimu ipo wapi?"
"Unguja."
Njia nzima ya kurudi nilikuwa nnahesabu
nauli ile ingekuwa uniti ngapi.

Tangu hapo saa sita yangu nnaigawa.
Simu za walimu wa skuli, mashine ya kinyozi Shoka,
redio ya Mwana Hija ambayo haizimwi hata akilala.
Hulipa walicho nacho: kibaba cha makonyo,
mayai matatu, salamu.
Salamu haziingii koponi, lakini nazo naziandika.

Usiku mmoja wa vuli umeme ukakatika wilaya nzima.
Hodi. Khelef, suruali imelowa mpaka magotini,
chupa ya chai kifuani. Ndani hamna chai:
dawa ya sukari ya mama yake, vichupa vinne,
na barafu aliyoizungushia imekuwa maji.
Kumbe mama yake ni wa hapa hapa, nyumba ya tatu nyuma ya msikiti.
Hakuitaja rasimu. Nami sikumkumbusha.
Nikasogeza ukwaju, nikaviweka mlangoni, pasipogandisha,
tukakaa kizani tunalisikiliza friji
kama watu wanaosikiliza pumzi ya mtoto.

Alfajiri alipokuja kuvichukua nikachana karatasi ya daftari.
Nikaandika tarakimu ishirini za kutunga mwenyewe,
na chini yake: *Mteja: Shirika. Robo uniti. Bei ya maskini.*
Akaisoma mara mbili. Hakucheka.
Akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

Mvua ikaendelea siku tatu. Ya pili yake betri ikanyamaza.
Nikajitanda kanga ya kichwani, nikenda dukani,
nikanunua ya elfu tano,
nikaibonyeza tarakimu moja moja kwa kidole chenye harufu ya karafuu mbichi,
na mita, kijicho chake chekundu kikipepesa,
ikaanza kuhesabu
upande ule ule inaoujua.