Neno Kichwani mwa Kipande

Ofisi ya chama, Tandahimba, saa tano usiku.
Printa imelala na karatasi mdomoni.
Ndani ya ripoti yangu nimepanda hesabu,
vipande vya msimbo katikati ya maneno,
na kila kipande kina neno kichwani,
neno moja dogo linaloamua
kipi kitoke nje, kipi kiishie jikoni.

Nikiandika *matokeo*, itaonekana jumla peke yake,
imekaa ukurasani kama mkwe mgeni.
Nikiandika *msimbo*, wataona nilivyopika, wasione ugali.
*Vyote*, chungu na chakula.
*Hakuna*, na hesabu itafanya kazi yake yote,
itatoka jasho,
halafu karatasi ibaki nyeupe kama hapakupita mtu.

Magharibi alinipigia meneja Nalinga:
"Weka matokeo, binti Mchopa. Kurasa tatu zinatosha.
Mkulima halli msimbo hata siku moja."
Halli, kweli.
Ila mwaka jana walisomewa: *Unyaufu, kilo 1,912.* Nukta.
Likwata akasimama: "Zimekaukia wapi?"
Akajibiwa: "Kwenye kompyuta."
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nalifikiria bibo,
tunda lisilojua kuficha mbegu,
korosho yake inaning'inia nje, mchana kweupe,
na bado hujui iliyo nzima mpaka uivunje.

Kipande cha saba, cha unyaufu: nikafuta *matokeo*, nikaandika *vyote*.
Cha nane pia. Cha tisa.
Cha kwanza nikakiacha gizani;
kina nywila ya ofisi
na tusi nililojiandikia saa nane za usiku.
Kurasa tatu zikawa kumi na moja.
Printa ikaamka ikilalamika.

Jumamosi, ghalani, watu juu ya magunia.
Meneja hanitazami.
Somoe Chipaka, aliyeishia kidato cha pili,
anafuata mistari kwa kidole chenye doa la mafuta ya ganda,
ukurasa wa saba, anarudi wa sita, anarudi wa saba.
"Hapa umehesabu magunia mia nne na kumi."
Ndiyo.
"Tulileta mia nne na kumi na moja.
La kwanza kupimwa lilikuwa langu."

Nikaangalia.
Mstari wa kwanza wa jedwali
nilikuwa nimeuambia msimbo ni kichwa cha safu,
nao, mtiifu, ukaumeza:
jina, tarehe, kilo themanini na mbili.

Nilikuwa nimemtegea meneja.

Usiku ule nikasahihisha herufi chache,
na kila palipotajwa jumla, jumla ikajibadilisha yenyewe.
Neno kichwani sikuligusa.
Nakala za kwanza bado ziko majumbani mwa watu,
zimefungia chumvi, zimezibia madirisha,
na kosa langu limo, ukurasa wa saba,
kwa wino mweusi,
linasomeka.