Makato

Nilianza na paa, kama kawaida yangu:
vigae mia mbili na kitu, arobaini vimepasuka.
Nikaandika: uchakavu.
Ornella Zanchetta, aliyenishikia ngazi,
akasema kutoka chini, "Vya upande wa mashariki
alivipanga baba. Jumapili, bila glavu."
Fomu haina kisanduku cha Jumapili.

Nikashuka. Choo kiko uani.
Bafu limebanwa chini ya ngazi ya ndani,
unaoga umeinama kama mtu anayeomba radhi.
Stoo ya makaa bado ina makaa,
ndoo mbili hivi, na koleo limesimama wima
likingoja zamu isiyoitwa tena.
Hapa hakuna kilichovunjika.
Kila bawaba inazunguka, kila ukuta umenyooka;
ni watu tu waliohama
wakaenda kwenye namna nyingine ya kuishi.
Nikaandika: imepitwa na wakati.
Asilimia ishirini.

Kato la tatu halikuwemo nyumbani.
Nilifungua dirisha la chumba cha kulala:
barabara ya juu, nguzo zake za zege
mita tisa kutoka kwenye mto wa kitanda,
malori ya kwenda Charleroi na kurudi,
na ng'ambo yake mgodi
uliofungwa Ornella akiwa darasa la pili.
Hili halitibiki kwa rangi wala kwa fundi.
Asilimia thelathini na tano.

"Na kiwanja?"
Kiwanja hakikatwi, nikamwambia.
Nyumba huzeeka; udongo hauchakai.
Akanitazama kwa muda.
"Baba alikuwa chini ya udongo huo miaka kumi na tisa.
Hauchakai, kweli.
Unachakaza."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kikokotoo.

Gharama ya kuijenga upya leo, toa, toa, toa,
jumlisha kiwanja:
euro elfu thelathini na moja na mia nne.
"Mpwa wangu ana gari la bei hiyo," akasema,
akatafuta miwani, akatia saini
kwa mwandiko wa shule, herufi zote zimefungwa vifungo.

Mvua ilitukuta mlangoni.
Hakuna aliyetoka. Tulisimama tukisikiliza:
upande wa magharibi, beseni likaanza kuhesabu,
moja,
moja,
moja.
Upande wa mashariki, kimya.