Faini kwa Kila Gurudumu

Miaka kumi na tisa nimekalia greda hili,
kiti kimejichonga umbo langu.
Naijua barabara ya Tarkina kama ulimi ujuavyo jino bovu:
kilomita mia mbili na kumi za udongo mwekundu,
nyumba tatu, matangi mawili,
na ngamia wasio na mwenyewe.

Nasawazisha kwenda, nasawazisha kurudi,
nikigeuka wamekwisha pita.
Wanatoka Adelaide, wanatoka Melbourne,
magari meupe kama meno ya kununua,
bomba la kupumulia limechomoza hadi paani
(mara ya mwisho mto huu kuwa na maji
binti yangu alikuwa tumboni).
Friji mbili. Hema juu ya keria.
Winchi ingali na karatasi ya dukani.
Na upepo wa tairi? Arobaini.
Arobaini, kwenye vumbi!
Ndiyo maana njia inakunjamana kama bati,
rasta juu ya rasta, mpaka chai inakumwagikia kifuani.
Jamani, punguzeni upepo. Ishirini na sita yatosha.
Tairi ni kama mgeni:
likija limefura, huvunja vyombo.

Nilisema hivyo kwenye mkutano wa halmashauri,
feni moja, viti vya plastiki.
Bwana Pannach wa ofisi ya barabara alileta chati:
watalii ni uchumi.
Ewart Kloeden, mwenye ng'ombe, akasema
uchumi haujui kufunga mageti.
Kijana wa chama cha magari akasimama, sauti ikimtetemeka:
njia ikifungwa leo kwa sababu ya tope,
kesho itafungwa kwa sababu ya mazoea,
na baba yake alimfundisha nyota huko, si mjini.
Nikaona wote wana haki,
na hilo ndilo lililoniudhi.

Sheria ikapita.
Mvua ikinyesha, barabara hufungwa,
na atakayepita atalipa kwa kila gurudumu:
dola elfu moja, mara nne.
Ukivuta trela, endelea kuhesabu.
Spea haihesabiwi. Niliuliza.

Mimi ndiye niwekaye kibao, cheni na kufuli.
Wananitukana kupitia dirisha lililofunguliwa nusu,
kiyoyozi kisije kikatoroka.
Hawajui udongo huu:
ukilowa ni sabuni, ukikauka ni mfupa.
Alama ya gurudumu la Jumamosi moja
hula Krismasi nasi.

Kisha Julai ile, mvua siku ya pili,
redio ikakoroma: Hedley ameanguka
kutoka mnara wa kinu cha upepo, kule Tangi la Pili.
Ndege haiwezi kutua.
Nilifungua kufuli kwa ufunguo wangu mwenyewe.
Landkruza ya mwaka themanini na nne,
haina friji, haina winchi, mlango mmoja wa rangi nyingine.
Nilitia gia nzito, nikashusha upepo hadi kumi na tano,
nikaogelea.
Nilikwama mara mbili. Mara ya pili
koti langu la harusi ya dada lilikwenda chini ya tairi
na bado liko huko.

Alikuwa hai.
Aliniuliza kama nimefunga geti.
Baada ya hapo hakuuliza kitu.

Nilijiandikia faini, magurudumu manne.
Pannach akairudisha kwa posta,
neno moja juu yake kwa kalamu ya risasi: *dharura*.
Sijui kama alinihurumia au alinisahihisha.

Tope likakauka. Nikapandisha greda,
nikafuta mifereji yangu kama ninavyofuta ya wengine,
isipokuwa pale kilomita ya mia na arobaini na nane,
ambapo huinua kisu
kwa urefu wa mita arobaini hivi.

Watalii wanalalamika. Wameandika barua:
hapo panatikisa, vikombe vimevunjika,
kodi zetu zinafanya nini?

Nawaambia,
punguzeni upepo.