Usikate

Mbambu yuko Nateete wiki ya tatu sasa,
anamuuguza Biira na kukiogesha kichanga,
na mimi Thembo, karani mstaafu wa forodha,
niliyepima malori ya chumvi na saruji miaka thelathini,
nimeshindwa kupima vikombe viwili vya oti.

"Ni rahisi," alisema. "Hata wewe."
Hiyo *hata* imenikaa kooni
kama mwiba wa ngege.

Oti zenyewe ni za presha yangu.
Daktari wa Kagando aliniandikia uji wake kila asubuhi;
nikaunywa siku nne, ya tano nikampa kuku.
Kuku akanitazama.
Paketi imekaa kabatini tangu Pasaka
ikinitazama vilevile.

Basi. Oti, unga wa ngano, sukari kidogo,
siagi iliyolainika dirishani kwa jua.
Nikavivuruga kwa vidole kama alivyoagiza
mpaka vikawa mchanga ulionyweshwa umande.
Nusu nikaishindilia kwenye sahani ya bati,
nikafungua chupa ya jamu.

Hapo nikasita.
Kwenye kifuniko, mwandiko wake:
*Pasheni. Za ukutani. Desemba.*
Desemba ile tulikuwa hatusemeshani.
Sikumbuki kwa nini: shamba, au deni la kaka yangu.
Alikaa uani akikamua matunda peke yake,
nami nikipita, nikinusa, nikinuna.
Kumbe alikuwa akituwekea akiba.

Nikapaka nusu chupa, mbegu zikang'aa kama macho ya panya,
nikamwagia oti zilizobaki.

Oveni hatuna. Tuna sufuria ya misiba na harusi,
mchanga wa mto Lhubiriha, sahani juu ya mchanga,
kifuniko, na makaa juu ya kifuniko:
moto chini, moto juu,
na katikati kitu kinachojifanya hakijui.

Dakika arobaini. Harufu ikaruka ua
ikamleta Mama Kavira, muuza vitenge,
ambaye ghafla alikuwa amekumbuka
kurudisha ungo wetu wa mwaka juzi.

Nikampigia Mbambu: imeiva, kahawia pembeni.
"Toa," akasema. Nikatoa.
"Sasa sikia, usikate..."
Mtandao ukavuka mpaka, ukatembea Kongo, ukarudi,
"...usikate, Thembo, usikate!"

"Sikati!" nikajibu,
simu nimeibana begani, kisu mkononi.
Nilidhani ni simu.
Nikaitunza simu kama yai
huku nikikata vipande kumi na sita vikifuka moshi,
na vyote kumi na sita vikaanguka kifusi,
jamu ikipita katikati kama mto uliosahau kingo zake.

Kimya. Nyuma yake kichanga kinalia.
"Umekata."
"Nimekata."
"Huwa inangojewa ipoe, mume wangu.
Ikiwa ya moto haijajua kushikana."

Mama Kavira alikwisha kuleta vijiko.
Tukala magofu yale kwa chai ya rangi,
mbegu zikilia menoni,
naye akanipa pole kwa Kiswahili chake cha Kasindi:
"Iko muzuri sana, Papa. Hata kama imekufa."

Ya pili nimeipika jana usiku.
Nimeiacha dirishani chini ya kitambaa,
kisu nimekifungia kabatini, pale pa oti.
Saa ya kwanza. Saa ya pili.
Simu ikaita.

Hatukuwa na la maana.
Kichanga amelala. Huku mvua imenyesha. Kuku hajambo.
Kisha maneno yakaisha,
nikamsikia akipumua kule Nateete
nami nikipumua hapa Bwera,
salio likiyoyoma, sahani ikipoa,
wala hakuna aliyekata.