Mraba Mweusi, Duara Tupu

Mwanamume ni mraba. Mwanamke ni duara.
Aliyeugua, mpake wino.
Aliyekufa, mkate kwa mstari wa mshazari.
Ndivyo nilivyofundishwa kuchora ukoo,
na ndivyo nilivyouchora wa kwetu
katika zahanati ya kijiji, njia ya Sikonge,
kwa rula niliyoazima kwa mwalimu wa darasa la tatu.

Babu Kapaya hakufa kwa saratani.
Babu alifungwa mkojo.
Ndivyo wasemavyo hadi leo, na jicho linamwendea
jirani waliyegombania mpaka wa shamba.
Siku tisa alisimama nyuma ya bani la tumbaku
akilisubiri tone,
na akirudi ndani anasema ni mgongo.
Naandika: mgongo.
Pembeni, kwa penseli: mifupa?

Mraba wa babu, mweusi.
Mraba wa baba, mweusi.
Huo sikuupaka vizuri. Wino ulivuka mpaka.

Baba mdogo Lusangija akachungulia karatasi:
"Naona umetupimia viwanja."
Nikacheka, kisha nikamweleza.
Damu, vijiko viwili.
Ndani yake herufi nne tu, zinajirudia
mara nyingi kuliko punje za msimu wote wa mahindi,
nasi tunatafuta moja iliyokaa vibaya,
ile inayomwachia mwana tezi iliyoghadhibika.
Hakuitikia. Alikuwa akikwangua gundi ya tumbaku kuchani.
"Kama alama ya mzinga," akasema.

Alama yetu ni mikato mitatu, na mmoja wa kulala.
Ipo kwenye kila mzinga wa ukoo huko miomboni,
hata ile ambayo nyuki walishaihama.
"Mkato wa tatu mimi huupinda.
Baba naye aliupinda.
Sijui nani alianza."

Kidole gumba chake kiligoma kushika wino.
Fomu ya ridhaa ina alama mbili, moja juu ya nyingine,
na zote ni zake.

Chupa kumi na nne, vizibo vya zambarau.
Tabora stesheni barafu yangu ilishakuwa maji;
nikanunua nyingine kwa mama wa migebuka,
ile iliyolala na samaki tangu Kigoma.
Njia nzima hadi maabara, abiria waliuliza bei.

Miezi saba.
Kisha mistari miwili:
*Badiliko limeonekana.
Maana yake haijulikani.*
Kwa sababu daftari kubwa wanalolinganishia
limeandikwa kwa damu za watu wa mbali,
na wa kwetu waliomo humo
wangekaa benchi moja la zahanati
na nafasi ya kuweka kikapu ikabaki.

Nilimpigia. Mtandao ulikatika mara tatu.
"Mkato wameuona, baba. Hawajui kuusoma."
Kimya, halafu mbwa, halafu yeye:
"Si wanao wewe huko? Wasomee."
Na kabla salio halijaisha:
"Mwanangu Mihayo ana thelathini na nane. Nimlete?"
Mlete, nikasema. Mlete hata kama mgongo hauumi.

Nyamizi, dadangu, ndiye aliyeuliza nilichokuwa nakikwepa.
Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso.
"Na sisi?"
Jibu nalijua, nimeliandika kwenye ripoti za wengine:
kosa hili halichagui mraba.
Hupita ndani ya duara bila kubisha hodi,
likatokea kifuani, likatokea kwa mtoto wa kiume,
au lisitokee kabisa.

Usiku huu niko peke yangu maabara.
Friji inanguruma.
Chupa moja ilibaki.
Nimejifunga mpira mkononi, ncha nimeing'ata kwa meno.
Jina sikuandika, nimeandika namba, kama wote.
Na fomu nimejisomea kwa sauti, neno kwa neno,
hadi kifungu cha mwisho,
kile ninachowasomea watu haraka haraka kila siku:
*unaweza kujitoa wakati wowote.*